Kaunsili imempunguzia mwanangu huduma, na wifi anasema ni aibu kudai

Dada mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Niliolewa nikaja Uingereza, na sasa sote tuna uraia wa huku. Tunakaa mji mmoja wa katikati ya England. Kifungua mimba wangu, nitamwita Salim ingawa silo jina lake, ana miaka 23. Alizaliwa na sindromu ya Down na ana ulemavu wa akili. Ni kijana mchangamfu, anapenda watu, na taarabu zote anazopiga babake garini anaziimba mwanzo hadi mwisho. Lakini hawezi kuachwa peke yake. Akisikia hodi anamfungulia yeyote. Anaweza kuwasha jiko akaondoka akasahau. Nguo anavaa mwenyewe, ila usipomsimamia atatoka na fulana nyepesi mwezi wa Januari, na akienda chooni lazima akumbushwe kujisafisha.

Alipomaliza chuo, kaunsili, yaani serikali ya mtaa wetu, ilimpangia kituo cha mchana siku nne kwa wiki, na Jumamosi msaidizi wa kutoka naye. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye bohari, na tangu azaliwe ndiyo mara ya kwanza nikapata kulala nikirudi kazini. Mwaka huu akaja afisa mpya wa ustawi wa jamii. Hakukaa sana. Alimuuliza Salim, "Unaweza kuvaa mwenyewe? Unaweza kujitengenezea chakula?" Salim akajibu ndiyo, ndiyo, maana anapenda kumfurahisha mgeni. Mimi akaniuliza kama huwa nyumbani mchana. Nikasema huwa nipo. Baada ya wiki chache ikaja barua: kituo siku mbili, msaidizi wa Jumamosi ameondolewa, kwa sababu "familia inaweza kukidhi mahitaji yaliyobaki". Juu ya hayo, Salim atatozwa fedha kila wiki kutoka kwenye posho zake, achangie huduma.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mume wangu anasema tunyamaze. Anasema tukipiga kelele tutaonekana tumeshindwa, nao watamchukua mtoto wampeleke kwenye nyumba zao. Wifi yangu kila akipiga simu kutoka Mombasa ni lile lile: "Huku twalea wenyewe walemavu wetu, nyinyi mwalilia pesa za serikali. Hamuoni haya?" Mimi nina miaka 51, mgongo unauma, sukari imeanza kupanda. Na usiku nikiwa kazini nawaza: tukifa, Salim atabaki na nani? Wifi anasema mmoja wa dada zake atamchukua. Mkubwa wao ana miaka 15. Sitaki kumfunga kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Je, tuikubali barua hii? Tukidai, ni kweli wanaweza kumchukua? Na ni aibu kweli mtoto wetu kutunzwa kwa fedha za umma?

Mama Salim

*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Barua hiyo msiikubali. Kosa lake liko kwenye maneno yale yale uliyoyanukuu, kwamba familia inaweza kukidhi yaliyobaki.

Huduma ya watu wazima wenye ulemavu huko England inaongozwa na Care Act ya 2014, sheria iliyoanza kutumika Aprili 2015. Sheria hiyo inataka mahitaji ya Salim yapimwe kana kwamba nyinyi wazazi hampo. Kila asichokiweza kiandikwe, hata kile unachomfanyia wewe kila siku bila kufikiria. Hayo yakishaandikwa ndipo mlezi anaulizwa, na anaulizwa mawili: unaweza, na uko radhi? Ukisema uko radhi siku mbili lakini si tano, siku tatu zilizobaki ni za kaunsili kuzitafutia njia. Wewe uliulizwa kama huwa nyumbani mchana. Mtu aliyekesha kazini akarudi kulala yuko nyumbani, naam, lakini hajasema yuko radhi kumchunga mtu mzima badala ya kulala. Wamechukua usingizi wako wakauingiza kwenye bajeti yao, na ridhaa yako hawakuiomba.

Tatizo la pili ni zile "ndiyo, ndiyo" za Salim. Nimekwisha kusikia habari hii kwa wazazi wengi: mgeni mwenye faili anaingia, kijana anataka asifiwe, anakubali kila kitu, na huduma inakatwa kwa ushahidi wake mwenyewe. Katika kanuni za sheria hii mtu haambiwi anaweza jambo kwa sababu tu mikono yake inaweza kulifanya. Kama analifanya kwa kukumbushwa au kusimamiwa, kama linamletea hofu au maumivu, kama linamtia yeye au wenzake hatarini, au kama linamchukua muda mrefu kupita kawaida, basi huhesabiwa kuwa halimudu. Kanuni zinataja mambo kumi ya maisha ya kila siku, kama vile kula, kujisafisha, kwenda choo, kuvaa kulingana na hali, kuwa salama nyumbani, kuwa na mahusiano na watu, kusoma au kufanya kazi, kutumia huduma za mtaani. Akishindwa mawili tu, na kushindwa huko kukawa kunaathiri sana maisha yake, anastahili. Wewe katika aya moja umenitajia fulana ya Januari, choo, jiko na mlango. Hayo yamezidi mawili tayari, na sijaanza kukuuliza kama anaweza kupanda basi peke yake.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa muda wa wiki mbili andika kila unachomfanyia, na uandike kama ulivyofanya, usilainishe. Usiandike "namsaidia kuvaa." Andika: "Saa moja asubuhi nilimtolea sweta, akaivua, nikamvalisha tena, akalia kwa sababu lebo ya shingoni inamkwaruza, nikaikata kwa mkasi, tukatoka saa mbili kasorobo." Najua kwetu mama hatangazi kazi anayomfanyia mwanawe, na kuandika maneno haya utajiona kama unamsema mtoto. Lakini afisa hataona lebo ya shingoni asipoonyeshwa. Kituo cha mchana nao waombe waandike wanachokiona, kisha daktari wa familia.

Sasa waandikie kaunsili, kwa barua au barua pepe, maneno ya mdomo hayatoshi. Waulize: tangu tathmini ya mwisho, ni nini kilichobadilika kwa Salim? Ulemavu wake umepungua? Waambie waziwazi kwamba huko radhi wala huwezi kumwangalia mchana wa siku ulizonyang'anywa, na utoe sababu: zamu ya usiku, mgongo, sukari. Omba tathmini mpya, Salim akiwa na mtu anayemjua vizuri, na uombe huduma za zamani ziendelee mpaka jambo hili liishe. Kama Salim hawezi kufuatilia mazungumzo hayo na nyinyi mnaona hamtaweza kumsemea ipasavyo, sheria inamruhusu kupewa mtetezi huru, na kaunsili ndiyo inayolipa.

Watakwambia fedha hazipo. Katika hilo hawasemi uongo. Birmingham, moja ya kaunsili kubwa zaidi England, ilitangaza Septemba 2023 kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, na si hiyo peke yake. Lakini sheria imeweka mpaka. Kaunsili inaweza kutazama mfuko wake inapochagua njia ya kukidhi haja, kwa mfano kituo hiki na si kile. Haja yenyewe, ikishakubaliwa kwamba inastahili, haiwezi kuachwa wazi kwa sababu mfuko umetoboka. Atakayekujibu "bajeti imepungua" bila kutaja Salim amejibu swali ambalo hukuuliza.

Wakikataa, wasilisha malalamiko rasmi kwa kaunsili hiyo hiyo. Yasiposikika, nenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza kaunsili bila malipo. Usichelewe, kwa kawaida inataka malalamiko yaifikie ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Iko pia njia ya mahakama, na muda wake ni mfupi zaidi: haraka iwezekanavyo, na isizidi miezi mitatu tangu uamuzi. Kwa hiyo mtafute wakili wa huduma za jamii mapema, hata kwa kuuliza tu. Salim ni mtu mzima, kesi itakuwa yake, na msaada wa kisheria wa serikali utaangalia kipato chake yeye, hautaangalia mshahara wako. Mencap, shirika la watu wenye ulemavu wa akili, na Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanaweza kukuelekeza kwa wakili wa aina hiyo.

Kuhusu mchango wa kila wiki, kutoza wanaruhusiwa, ila kwa masharti. Kinachopimwa ni fedha za Salim tu. Nyumba yenu, mshahara wako na wa babake havimo. Mshahara wake akipata kazi hauguswi, na sehemu inayohusu usafiri ya PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu, haiguswi. Lazima abakiwe na kiwango cha chini cha kuishi kilichowekwa na serikali. Halafu kuna gharama zinazotokana na ulemavu wenyewe, na hizi ndizo familia zetu hazidai: mashuka ya kufuliwa kila siku, joto la nyumba kuwashwa zaidi, nguo zinazochakaa upesi, teksi kwa asiyeweza kupanda basi. Zikusanyie risiti, uombe zitolewe kabla ya hesabu kufanywa. Mara nyingi mchango hushuka, pengine ukafutika kabisa.

Sasa hofu ya mume wako. Sitamcheka, maana haikutoka hewani. Mwishoni mwa 2009 kaunsili moja ya magharibi mwa London ilimchukua kijana mwenye usonji na ulemavu wa akili kwa mapumziko ya siku chache, ikakataa kumrudisha kwa babake kwa karibu mwaka mzima. Baba hakunyamaza. Jambo likafika mahakamani, kijana akarudi nyumbani Desemba 2010, na mwaka 2011 jaji akaamua kwamba alizuiliwa kinyume cha sheria na haki yake ya maisha ya familia ilivunjwa. Mwambie mume wako kesi hiyo yote, mwanzo na mwisho. Kuomba huduma zaidi si ushahidi wa kushindwa kulea, na kaunsili ikitaka kumhamisha mtu asiyeweza kujiamulia huku familia inapinga, inapaswa kwenda mahakamani kwanza. Hatari iko zaidi upande wa kunyamaza. Mlezi akianguka ghafla hospitalini na hakuna mpango wowote ulioandikwa, kijana hupelekwa palipo na nafasi usiku huo, hata kama ni maili mia kutoka kwenu.

Na huko kunakoitwa kwenye nafasi kuna historia mbaya. Mei 2011 televisheni ya BBC ilionyesha wagonjwa wenye ulemavu wa akili wakipigwa na kudhalilishwa katika hospitali binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani. Kitanda kimoja pale kiligharimu fedha za umma wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Serikali iliahidi kwamba kufikia Juni 2014 waliolazwa hospitali za namna hiyo bila sababu watakuwa wamerudi kwenye jamii. Ahadi haikutimia, na hadi miaka hii ya karibuni kiasi cha watu 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji bado wako katika hospitali za magonjwa ya akili England. Nakueleza haya ili ujue thamani ya zile siku nne na ile Jumamosi. Huduma ya mtaani ikikatwa serikali haiokoi kitu, hulipa baadaye, tena zaidi, mahali ambapo hakuna mzazi angetaka mwanawe alale.

Nije kwa wifi. Fedha hizi zinatoka kwenye kodi za serikali kuu na kodi ya kaunsili mnayolipa kila mwezi, ambayo tangu 2016 kaunsili zenye jukumu hili zimeruhusiwa kuiongeza mahsusi kwa ajili ya huduma za watu wazima. Zamu zako za bohari zimo humo. Wala zisingekuwepo kama akina mama wa huko wangeona haya. Mwaka 1946 mama mmoja, Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu wa akili, aliandika barua kwenye jarida la walezi akiwaita wazazi wenzake waliokuwa wakihangaika kama yeye. Wakaitikia kwa wingi, na chama walichokianzisha ndicho leo kinaitwa Mencap. Wakati huo sheria iliruhusu watoto kama Salim kutajwa kuwa hawafundishiki, wakakosa shule, na hilo halikufutwa mpaka sheria ya 1970.

Na Kenya pia hailei "wenyewe" kama wifi anavyosema. Katiba ya 2010 ina kifungu cha 54 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kwenye mpango wa Inua Jamii kaya masikini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo mno, lakini ni fedha za serikali na watu wanazidai bila haya. Muulize wifi kwa upole: huko anayelea, analea nani hasa? Kwenye nyumba nyingi utakuta ni mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, shangazi au binti aliyeacha shule au hakuolewa, na hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi. Wewe umekataa kumfanyia hivyo binti yako wa miaka 15. Uko sahihi kabisa, na wifi akichukia achukie.

Liko jambo moja ambalo huenda likatuliza nyumba. Badala ya kupangiwa kituo, Salim anaweza kupewa fedha za huduma mkononi mumuajirie msaidizi mnayemtaka. Huko wanaita Direct Payments. Kama Salim hawezi kuziomba au kuzisimamia mwenyewe, mmoja wenu anaweza kukubaliwa kuzisimamia kwa niaba yake. Zinawekwa kwenye akaunti tofauti na kila senti hutolewa hesabu. Kwa kawaida huwezi kumlipa ndugu wa karibu anayeishi nanyi, lakini kijana wa Kiswahili wa mtaa wa pili, anayejua chakula chenu na anayeweza kwenda naye Ijumaa msikitini, anaweza kuajiriwa. Mzigo wa makaratasi upo: mkataba, mshahara, kodi, bima. Omba kaunsili ikuunganishe na shirika linalosaidia kuendesha hayo, usiyabebe peke yako.

Wewe mwenyewe pia una haki ya tathmini ya mlezi, mbali na ya Salim. Iombe kwenye barua ile ile. Kuna na posho ya Carer's Allowance, ila hapo nenda polepole. Mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki kwa anayemtunza mtu saa 35 au zaidi, na kipato cha kazi baada ya makato kisizidi pauni 196. Ukivuka kiwango hata kidogo unaipoteza yote ya wiki hiyo, na walezi wengi wamejikuta wakidaiwa maelfu kwa sababu ya saa chache za ziada. Usijaze fomu kabla hujakaa na mshauri wa Citizens Advice na karatasi zako za mshahara. Wasomaji wangu mlio huko kwa viza, nanyi tahadharini: PIP na Carer's Allowance zimo kwenye orodha ya fedha za umma ambazo viza nyingi zinazikataza, huduma ya kaunsili chini ya Care Act haimo. Muulizeni wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba chochote, na msiache kuuliza kwa hofu.

Nalo la tukifa. Usingoje. Omba mpango wa dharura uandikwe sasa ndani ya mpango wake wa huduma: nani apigiwe simu, Salim anakula nini, anaogopa nini, analalaje. Kisha anzeni kutazama nyumba za kuishi kwa usaidizi, ambako yeye ni mpangaji mwenye mlango wake na msaidizi yuko karibu, au familia zilizosajiliwa zinazompokea mtu akaishi nao. Nendeni kuzitembelea mkiwa wazima, naye ajaribu usiku mmoja mmoja. Akihamia mtaa wa jirani mkiwa hai, mtakuwepo kumzoesha.

Kuhusu mali, msiandikishe nyumba wala akiba kwa jina la Salim kabla ya kuonana na wakili wa mirathi. Akiwa na zaidi ya pauni 23,250 kwa jina lake atalipia huduma zote mwenyewe mpaka zishuke. Ni chini ya pauni 14,250 tu ndipo akiba haiguswi. Wakili ataeleza jinsi ya kuweka mali kwenye amana inayosimamiwa na watu mnaowaamini. Na kwa kuwa yeye ni mrithi kisheria ya dini, mkae pia na sheikh mnayemwamini, mipango hiyo miwili ilingane tangu mwanzo.

Mwisho, muulize daktari wa familia kama Salim yumo kwenye rejista ya wenye ulemavu wa akili. Kuanzia miaka 14 anastahili uchunguzi wa afya kila mwaka, bure. Watu kama yeye England hufa karibu miaka 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ingeweza kuzuilika. Wenye sindromu ya Down hupata shida za tezi ya shingo, masikio na macho bila kusema. Hili lifanye hata kabla ya kaunsili kujibu.

Anza na barua kwa kaunsili, maana muda unahesabiwa tangu tarehe iliyoko kwenye uamuzi wao. Wakikujibu, nitumie nakala ukiwa umefuta majina na anwani, nikusaidie kuandika ya pili.